Msiplastifie Damu

Vijana wangu wa labo, tuanze na jambo ambalo sikudhani ningelazimika kumwambia mtu mwenye akili timamu: damu haiplastifiwi. Mnaijua ile mashine ya sokoni Kasongo, pale kwa watu wa fotokopi, inayofunga karatasi kati ya plastiki mbili kwa moto. Kwetu hapa karatasi ambayo haijapita kwenye mashine ile ni kama haina mwenyewe. Sawa. Plastifieni diploma, plastifieni cheti cha ndoa, plastifieni hata picha ya mbuzi wenu mkitaka. Damu ya mgonjwa muiache.

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka, na nikikumbuka hadi leo kichwa kinaniuma upande mmoja.

Naitwa Zaina. Kwa wote niliowachoma kidole, na katika Kasongo hii ni wengi, mimi ni Mama Zaina wa labo, yaani maabara ya hospitali. Nimestaafu juzi juzi tu, macho yamechoka na shingo imegoma kuinama. Lakini kila nikipita pale hospitali nawakuta mmekaa, kile kipimo cha haraka cha malaria mkononi, mnangoja mstari utokee. Mstari mmoja, hana. Mistari miwili, anayo. Mgonjwa mwingine! Hadubini imefunikwa kitambaa kama maiti. Nikiuliza, mnaniambia, "Mama, siku hizi njo vile." Siku hizi! Damu za watu zimebadilika lini?

Mimi nilifundishwa na Papa Leonari, mtoto wa wakulima wa mpunga, mtu mpole nje ya labo na mkali ndani yake. Kosa letu sisi wanafunzi lilikuwa moja: tukipata kioo chenye damu, tunakimbilia lenzi kubwa, ile ya kutiwa tone la mafuta, tumwone mdudu wa malaria haraka, twende tukale. Papa Leonari akachukua ile chupa ya mafuta akaitia mfukoni mwa koti lake. Ukitaka mafuta, unamfuata, naye anakuuliza umeona nini kwa lenzi ndogo. Ukisema "bado sijaangalia", anakurudisha. Ukisema "hakuna kitu", anakurudisha. Kwa lenzi ndogo unaona uwanja mzima: chembe nyekundu zimejaa au zimekauka, nyeupe ni chache au ni nyingi. Tulimchukia sana kwa ile chupa. Koti lake lilikuwa na doa la mafuta upande wa kulia, halikutoka hata kwa majivu.

Yeye pia ndiye aliyetufundisha maji. Rangi yetu ya zambarau ukiichanganya na maji ya kisima, damu yote inageuka buluu na huoni chochote. Maji ni ya mvua. Na si mvua inapoanza, maana hiyo inaosha mabati na mavi ya ndege. Subirini mvua ichoke kidogo, ndipo mtege ndoo. Nimewaambia hili mara ngapi? Na bado nakuta ndoo imetegwa tone la kwanza.

Basi akaja Mwamini.

Mwamini alikuwa mke wa mfanyabiashara, anauza vitenge Salamabila kwa wake wa wachimba dhahabu. Alianza kuchoka, akakonda mikono na shingo, halafu tumbo likavimba upande wa kushoto. Huko kwao walimtibu malaria, wakamtibu tena malaria, wakamtibu homa ya matumbo. Mama mkwe akasema ni mimba. Mimba ilipokataa kuwa mimba, majirani wakaanza kutaja wachawi. Mume wake, Assumani, alimpakia pikipiki akamleta Kasongo, mvua yote juu yao.

Daktari wetu alikuwa dada mmoja kijana, Daktari Justine. Alimpapasa tumbo mara moja akajua kwamba kile kigumu chini ya mbavu ni bandama, na kwamba bandama haina ruhusa ya kufika karibu na kitovu. Akaomba damu iangaliwe vizuri kwa hadubini. Mimi wakati ule nilikuwa Kabambare kwenye matanga ya shangazi yangu. Labo alibaki Salumu, kijana safi, ana mkono mwepesi, shida yake ni kwamba anajua kutafuta kitu kimoja tu, malaria.

Salumu alitengeneza tone nene, kama kawaida. Kwa tone nene chembe nyekundu zinayeyuka, zinabaki nyeupe na wadudu kama wapo. Akaangalia, akakuta zambarau tupu, madoa juu ya madoa. Akasema kioo, yaani lame, ni kichafu. Akamchoma Mwamini kidole kingine. Kichafu. Akasafisha vioo vyote, akachuja rangi upya, akamchoma tena. Kichafu! Daktari anauliza majibu, yeye anajibu, "Bado, lame iko chafu." Mwamini akaanza kuficha mikono ndani ya kitenge kila akimwona mtu wa koti jeupe.

Niliporudi, hata sijafungua mkoba, Salumu akanipokea mlangoni.

"Mama Zaina, ule mama wa Salamabila, damu yake iko chafu tu. Nilibadilisha rangi, nilibadilisha kila kitu."

"Lame njo iko chafu, ao macho yako?"

Niliweka kioo chake cha mwisho, lenzi ndogo. Yale hayakuwa madoa ya rangi. Kila doa lilikuwa chembe nyeupe iliyoshika rangi. Kioo kizima kilikuwa kimejaa chembe nyeupe zimebanana hazina pa kupumulia, na kijana huyu alikuwa akizitupa kwenye beseni siku baada ya siku kama takataka. Nilimwita jina lake na la baba yake na la ukoo wao wote.

Nikaenda kwa Mwamini mwenyewe, nikamwomba kidole kimoja. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyeibiwa.

"Hii njo ya mwisho, Mama. Ya mwisho kabisa. Vidole vyangu vimekwisha."

Nikaahidi. Damu ile nikaitandaza nyembamba, nikaipaka rangi, na sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Damu huzaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Chembe nyeupe ikiwa changa ni kubwa, kiini chake kipana, cha mviringo. Ikikua, kiini kinajikunja kama harage, kisha kinabanwa, mwishowe kinakuwa vipande vilivyoshikana kama shanga tatu kwenye uzi. Hapo ndipo inaruhusiwa kutoka nje, kwenye mishipa. Sasa, chembe zote za mwili zimebeba maandiko yale yale, ndizo hizo jeni, lakini hazisomi yote kwa pamoja. Kila moja inasoma ukurasa wa umri wake. Ikiwa changa inasoma kurasa za vimeng'enya vinavyopitisha amri: gawanyika, ongezeka. Ikikomaa, zile kurasa zinafungwa, zinafunguliwa nyingine. Kusoma maana yake ni kunakili: chembe inatoa nakala ya ukurasa, na kwa nakala ile inatengeneza kimeng'enya. Nakala nyingi, kimeng'enya kingi. Nakala zikikoma, kimeng'enya kinakwisha na amri inanyamaza.

Mnamjua yule mtu wa shule anayegonga rimu ya gari iliyotundikwa. Akigonga, darasa linatoka. Akiacha, watu wanakaa wanasoma. Kimeng'enya cha amri ni mtu yule. Kwa Mwamini, ndani ya chembe moja tu ya uboho, jeni mbili zisizohusiana zilikatika zikaunganika vibaya, na ukurasa ule ulioungwa unatengeneza mgonga rimu ambaye hajui kuacha. Anagonga asubuhi hadi jioni. Madarasa yote yako nje, wakubwa kwa wadogo, hata watoto wa chekechea ambao bado hawajui kufunga viatu. Ndivyo nilivyoona kwenye kioo: vizee vyenye shanga tatu, vya harage, vya mviringo, umri wote wa uboho umemwagika barabarani. Hiyo ni aina ya saratani ya damu, na nilikuwa nimeiona kwenye kitabu cha Papa Leonari tu.

Daktari Justine alikuja akaangalia. Akaniambia kuna vidonge, si vya kuua chembe ovyo, ni vya kumshika mkono mgonga rimu yule mmoja. Kuna shirika la mbali linalovitoa bure. Lakini linataka uhakika: damu ikaushwe kwenye kadi maalum ya karatasi, ipelekwe kwenye labo yao ng'ambo, wahesabu nakala za ukurasa ule mbovu. Kadi alikuwa nazo mbili tu. Akasema pia kwamba tusizubae, kwa sababu watoto wa chekechea wakizidi kuliko wengine, vidonge havitamsaidia tena.

Tone la kadi nilikuwa nimelichukua kwenye kidole kile kile, kwa maana Daktari alishuku tangu alipopapasa ile bandama, akanipa kadi mapema. Nikalikausha kivulini. Jeni yenyewe ni ngumu, inavumilia, lakini nakala zake ndizo tunazohesabu, na nakala ni laini sana. Joto linazila. Unyevu unazila. Jasho la mkono wako linazila. Vile vifuko vya kunyonya unyevu hatukuwa navyo, nikakaanga mchele kwenye sufuria kavu hadi ukawa kahawia, nikaupoza, nikaushona kwenye kitambaa. Andikeni hilo, mchele wa kukaanga unanyonya unyevu vizuri kabisa. Kadi na mchele nikavitia kwenye bahasha.

Assumani ndiye aliyekuwa anakwenda Kindu, na Kindu kulikuwa na mtu wa kuipokea. Nikamkabidhi, nikamwambia, "Baba, hii iko maisha ya bibi yako. Isinyeshewe. Uichunge sawa atestasyon zako, vile vyeti vyako." Mwamini akarudi Salamabila na tumbo lake, akangoje vidonge.

Tulingoja. Kikaja kifurushi kutoka Kindu, na ndani yake, vijana wangu, kulikuwa na kadi yangu imeplastifiwa. Imenyooka, inang'aa, kona zimekatwa vizuri kabisa. Lile tone limekaa katikati kama picha ya pasipoti. Na kipande cha karatasi: haiwezi kupimwa.

Assumani alipita Kasongo, nikamkamata kwenye mlango wa labo.

"Nani alifanya hii?"

"Miye, Mama." Anatabasamu! "Niliona mawingu, nikasema mvua itaharibu. Nikapita ku mashine. Walitaka kunifanyia ya kawaida, nikasema hapana, munipe plastique ya nguvu."

"Ya nguvu! Umepika damu, Assumani! Umeipika na ukaifunga na jasho lake ndani!"

"Lakini Mama, weye njo ulisema niichunge sawa atestasyon zangu. Atestasyon zangu zote ziko plastifie."

Nilisema ilindwe! Sikusema ipigwe pasi! Hadi leo wapo watu, mmoja ni Daktari Justine, wanaosema maneno yangu ndiyo yaliyompoteza. Sikubali. Mtu mzima anajua tofauti ya damu na diploma.

Sasa ilibidi tone jipya, na tone lilikuwa Salamabila, ndani ya vidole vilivyokwisha. Tulituma ujumbe, Mwamini akakataa. Tukatuma tena, akajibu kwamba watu wa kwao wameshamwambia tunauza damu yake Ulaya. Ningemlaumu vipi? Tulimchoma kwa sababu ya vioo vichafu ambavyo havikuwa vichafu. Kila tone lililotupwa kwenye beseni la Salumu lilikuwa limekula imani yake, na sasa tulipohitaji moja tu, sanduku la imani lilikuwa tupu.

Nikapanda pikipiki mwenyewe. Njia mnaijua, magogo yaitwayo madaraja, matope ya kufika magoti, na mwenye pikipiki anakuambia "shuka kidogo, Mama" kila kilima. Tulilala Wamaza, kesho yake Salamabila. Sikubeba zawadi. Nilibeba kadi moja ya mwisho, mchele wangu wa kukaanga, na kile kioo chembamba cha damu ya Mwamini, nimekifunga kwenye kitambaa.

Nilimkuta amekaa juu ya marobota ya vitenge, uso wa majivu. Hakunisalimu vizuri.

"Mama, nilikuambia ile njo ya mwisho."

"Uliniambia. Sijakuja kukutoboa. Nimekuja kumutoboa huyu."

Nilimnyooshea kidole Assumani, aliyesimama karibu. Kwenye kituo cha afya cha pale kulikuwa na rangi, na hadubini ya zamani ya kioo cha kumulika, ile ya kutegea jua dirishani. Nikamchoma Assumani kidole. Mwanaume anayepita msitu na mizigo alipiga kelele hadi wauguzi wakaja. Mwamini alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Nikaitandaza damu ya mume, nikaipaka rangi, nikamwita mke aangalie.

"Ya bwana yako njo hii. Unaona ile ya zambarau? Moja hapa. Utembee sana mbele uone ingine."

Akaangalia. Nikatoa kioo chake mwenyewe, nikakiweka.

"Na hii iko yako."

Mkono wake ukashuka wenyewe upande wa kushoto wa tumbo.

"Hii yote iko ndani ya miye?"

"Iko ndani yako. Na kila siku zinaongezeka. Yule kijana aliona hizi, akafikiri ni uchafu."

"Kumbe mulikuwa munanitupa," akasema. Alikuwa anasema kweli. Kisha akatoa mkono ndani ya kitenge, akaninyooshea kidole cha mwisho cha kushoto, kile ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekigusa.

Kadi ikakauka kwenye kivuli cha baraza, nimeifunika ungo kwa ajili ya nzi, maana nzi wa Salamabila wanakula damu kwenye kioo mbele ya macho yako. Mwamini mwenyewe alikaa kuilinda. Assumani alisogea nikamfukuza. "Usiguse, usipulize, usisaidie!" Na safari hii niliipeleka Kindu mimi, ndani ya bahasha mkobani, pamoja na mchele.

Ukurasa mbovu ulipatikana. Vidonge vikaja. Bandama ikarudi chini ya mbavu zake, na kadi iliyofuata ilionyesha nakala zimepungua mno: mgonga rimu ameshikwa mkono. Mnadhani hadithi imeishia hapo? Laiti!

Siku moja Mwamini akaja kwa uchunguzi, amenenepa, amevaa kitenge kipya. Nikaweka damu yake, lenzi ndogo, na wale watoto wa chekechea wananitazama.

"Vidonge?"

"Nilipumzisha mwili kidogo, Mama. Miye niko muzima."

Nilipiga meza, rangi ikamwagika. Nilimwambia yuko mzima kwa sababu ya vidonge, na mgonga rimu hafi, ameshikwa mkono tu, ukimwachia anaendelea alipoishia. Nilimwambia habari za magogo na matope. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Nikaona hayaingii. Basi nikafungua droo nikatoa ile kadi iliyoplastifiwa. Sikuwa nimeitupa. Niliiweka ili niwaonyeshe wanafunzi waliowatangulia, kila mwaka, na kila mwaka walicheka. Lile tone sasa lilikuwa jeusi, na unyevu uliofungiwa ndani ulikuwa umeota ukungu pembeni.

"Hii njo damu yako ya wakati ule," nikamwambia.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akapitisha kidole juu ya plastiki.

"Nipe."

"Iko ya kufundishia."

"Nipe, Mama. Ile ya ku microscope inabaki kwako, siioni. Hii nitaiona."

Nikampa, kwa shingo upande. Akaanza vidonge tena, na damu yake ikatulia tena.

Mwaka huu nilikwenda Salamabila kwenye harusi ya mpwa wangu, nikapita kwao. Ukutani kuna atestasyon za Assumani, cheti chao cha ndoa, na katikati kadi yangu, zote zinang'aa. Chini yake, juu ya msumari, kikapu kidogo cha vidonge. Tangu siku ile, Assumani akasema, mke wake hajaruka hata kimoja: akichoka navyo, anasimama pale anaitazama, halafu anameza. Kisha yule mwanaume akanimiminia chai na kuegemea kiti.

"Unaona, Mama Zaina? Ingekuwa karatasi tu, ingekuwa imeshaoza. Ile plastique ya nguvu ilisaidia."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi, niliyaweka miaka. Wakati ule ule Mwamini akaingia na robota la vitenge kichwani, hashikilii, anaimba, akapita chini ya ile damu nyeusi bila hata kuitazama. Nikafunga mdomo, nikanywa chai.

Lakini ninyi, msiplastifie damu.